Deni Lipimwe kwa Magunia: Namna ya Kukopa Kabla ya Msimu Bila Kunaswa na Bei ya Mavuno

Katika fomu nyingi za kuomba mkopo wa kilimo kuna mistari miwili inayofuatana: mavuno yanayotarajiwa na bei inayotarajiwa. Niliwahi kukaa miaka michache katika kamati ya mikopo ya chama cha akiba cha kijijini, huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na fomu hizo nilizisoma kwa mamia. Karibu zote, katika mstari wa bei, ziliandikwa bei ya mwaka uliotangulia. Aliyeuza gunia kwa shilingi 60,000 aliandika 60,000, jirani yake akaandika hivyo hivyo, na sisi wa kamati, ambao tulikuwa wakulima kama wao, tukagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza kwamba, ikiwa wilaya nzima imeiona bei hiyo na inaongeza ekari kwa ajili yake, hiyo bei itabaki vipi hadi Julai.

Mwongozo huu ni wa mkulima anayelima ili ale na auze, ambaye kabla ya mvua za kwanza anafikiria kukopa ili aongeze eneo, mbegu au mbolea. Nitatumia mahindi kama mfano kwa sababu ndiyo niliyoyashika kwa mikono, lakini hesabu ni ile ile kwa mbaazi, alizeti, mpunga au viazi. Vinavyohitajika ni daftari, kalamu, simu yenye kikokotoo na nusu siku ya utulivu. Ni vema mume na mke wakae pamoja, maana mara nyingi anayejua bei ya gunia siye anayejua ni madebe mangapi huliwa nyumbani kwa mwezi.

Kwa nini mavuno mazuri huleta bei mbaya

Mtu aliyeshiba sahani moja ya ugali hali sahani ya pili kwa sababu unga umeshuka bei. Hiyo ndiyo tofauti ya chakula na bidhaa nyingine nyingi: bei ikishuka, wanunuzi hawaongezeki kwa kadiri hiyo, kwa hiyo mahindi yakizidi mahitaji kidogo tu, bei haishuki kidogo bali huporomoka mpaka apatikane wa kuyachukua yaliyozidi, awe mwenye kiwanda cha chakula cha kuku au mfanyabiashara mwenye ghala na subira. Mkulima mmoja mmoja hawezi kuliona jambo hili akiwa shambani kwake, kwa kuwa magunia yake 20 ya ziada hayawezi kutikisa soko. Lakini magunia 20 ya kila mmoja, yaliyolimwa kwa kufuata bei ile ile ya mwaka jana, ndiyo yanayoiua bei hiyo.

Hapo ndipo deni linapoingia, na linaingia kwa njia mbili. Kwanza, ndilo linalowezesha ekari zile za ziada kulimwa. Pili, na hili ndilo husahaulika, deni lina tarehe. Anayedaiwa hachagui siku ya kuuza. Marejesho yakipangwa Julai, atauza Julai, na kwa kuwa majirani zake walikopa mwezi mmoja naye na wanadaiwa mwezi mmoja naye, wote hufika kwenye mizani wiki moja. Bei inayowaumiza imetengenezwa na haraka yao wenyewe, na haraka hiyo imetengenezwa na mkataba wa mkopo.

Hili si gonjwa la wakulima wadogo peke yao. Mchumi wa Marekani, Willard Cochrane, alilifananisha mwaka 1958 na gurudumu la kukanyaga, ambalo aliyelipanda hulazimika kwenda mbio ili abaki palepale: wa kwanza kutumia mbegu au mashine mpya hupata faida, wengine humfuata, mazao huongezeka, bei hushuka, na wa mwisho hubaki na deni la mashine bila ile faida. Baada ya Umoja wa Kisovieti kununua nafaka nyingi mno mwaka 1972, waziri wa kilimo wa Marekani, Earl Butz, aliwahimiza wakulima walime hadi ukingoni mwa uzio. Ardhi ikapanda bei, na mabenki yakakopesha kwa dhamana ya ardhi hiyo. Kuanzia mwaka 1979 riba ilipandishwa kwa kishindo, Januari 1980 Rais Carter akazuia sehemu kubwa ya nafaka iliyokuwa iende kwa Wasovieti, na katika miaka iliyofuata mashamba mengi ya Iowa na majimbo jirani yakauzwa kwa mnada. Matrekta yao yalikuwa makubwa kuliko nyumba zetu, lakini kosa la hesabu lilikuwa lile lile la fomu zetu.

Kwetu, mfano ulio wazi zaidi ni mbaazi. India ilipopata ukame miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015, bei ya mbaazi ilipanda kiasi kwamba kilo moja ilizidi shilingi 2,000 katika maeneo mengi ya Tanzania, na watu wa Babati, Lindi na Mtwara wakaongeza mashamba. Wakulima wa India nao, wakiifuata bei hiyo hiyo, waliongeza ya kwao, wakavuna kupita kiasi, na Agosti 2017 serikali yao ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Msumbiji ilikuwa imekwisha kutia saini makubaliano ya kuiuzia India mwaka mmoja kabla; Tanzania haikuwa nayo. Kilo ikaanguka chini ya shilingi 500, na kuna waliouza kwa chini sana ya hapo. Mombasa na Tanga watu hula mbaazi za nazi kwa mahamri, tena kwa mapenzi makubwa, lakini hakuna kifungua kinywa cha pwani kinachoweza kumaliza mazao yaliyokuwa yamelimwa kwa ajili ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. India ilifungua tena mlango mwaka 2021, ila aliyekuwa na marejesho ya Septemba 2017 hakuweza kuusubiri.

Tafuta bei ya mwaka mbaya, si ya mwaka jana

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari, andika bei ya gunia katika mwezi wa mavuno kwa kila mwaka unaoweza kuupata, angalau miaka mitano na, ikiwezekana, kumi. Usiandike bei ya Januari wala Februari, wakati mahindi yamekuwa adimu, kwa sababu deni lako halitalipwa Februari. Bei hizi zipo katika vitabu vya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, katika taarifa za bei za jumla zinazotolewa na wizara inayohusika na biashara, na katika kumbukumbu za madalali wa soko la karibu, ambao huzitaja bila kusita ukiwauliza wakati hakuna biashara ya kufanya. Ukiwa na orodha hiyo, zungushia duara bei ya chini kuliko zote. Hiyo ndiyo bei utakayopigia hesabu ya deni.

Wengi hupinga hapa kwamba mwaka ule ulikuwa wa ajabu, kwamba kulikuwa na amri ya serikali au mvua isiyo ya kawaida. Ni kweli kwamba Juni 2017 serikali ya Tanzania ilizuia mahindi yasiuzwe nje, na kwamba bei iliendelea kuwa ya chini mwaka 2018 katika mikoa yenye ziada kama Ruvuma na Rukwa, hata baada ya zuio kuondolewa. Lakini kila mwaka mbaya una sababu yake ya ajabu. Zikipangwa mfululizo, sababu hizo za ajabu ndizo hali ya kawaida ya soko la mazao.

Kisha tazama dalili za msimu unaokuja. Mbegu chotara zikiisha madukani mapema, kodi ya shamba ikipanda, vibarua wa kulima wakianza kuchagua kazi, na watu wa mjini ambao hawajawahi kushika jembe wakianza kuuliza bei ya ekari kwa simu, jua kwamba ziada inaandaliwa. Wakenya wengi wanakumbuka homa ya kware ya mwaka 2013 na 2014, pale yai moja dogo lilipouzwa kwa bei ya kustaajabisha kabla kila ua halijawa na banda. Waliopata fedha ni wale waliouza vifaranga kwa waliochelewa. Unaposikia mafunzo ya zao fulani yanafanyika hotelini, jiulize ni nani anayelipwa kwa mafunzo hayo na ni nani atakayebaki na mazao.

Geuza deni kuwa magunia

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo huu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, na kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme gharama za ekari moja ya mahindi ni hizi: kulima kwa trekta 60,000, mbegu 70,000, mbolea ya kupandia na ya kukuzia 140,000, kupanda na palizi 90,000, dawa ya viwavijeshi 25,000, kuvuna na kupukuchua 75,000, magunia na usafiri 40,000. Jumla ni shilingi 500,000. Mkulima wetu ana ekari nne, mfukoni ana 800,000, na anataka kukopa 1,200,000 ili alime zote. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, mkopo unachukuliwa Novemba na kulipwa wote Julai, yaani miezi minane. Riba itakuwa asilimia 24, sawa na 288,000, na deni la Julai litakuwa 1,488,000.

Anatarajia magunia 15 kwa ekari, jumla 60. Kwa bei ya mwaka jana, 60,000 kwa gunia, deni ni magunia 25, na anabaki na 35. Ni hesabu tamu, na ndiyo iliyokuwa ikiandikwa katika fomu zetu. Lakini duara katika daftari lake limezunguka 30,000. Kwa bei hiyo deni lile lile ni magunia 50 kati ya 60. Ndiyo sababu nasema deni lisiandikwe kwa shilingi peke yake: shilingi za mkataba hazibadiliki, lakini magunia yanayotakiwa kuzilipa yanaweza kuongezeka maradufu mahindi yakiwa bado yanakaukia shambani.

Hatua inayofuata ni kuondoa kwanza yale yasiyouzwa. Kaya ya watu sita itahitaji magunia kama saba ya chakula hadi mavuno mengine. Ongeza mengine saba, ambayo kwa bei mbaya yana thamani ya 210,000, yaani mbegu na mbolea ya ekari moja, ili msimu ujao usianze na mikono mitupu. Magunia haya 14 yatoke kabla ya anayekudai kulipwa, kwa sababu anayeuza chakula chake Julai hukinunua Januari kwa bei ya Januari, na mara nyingi hukinunua kwa mkopo mwingine. Punguza pia mavuno, maana mwaka mbaya hauji na bei peke yake. Badala ya magunia 15 weka 12.

Kwa ekari nne, basi, ni magunia 48. Toa 14, yanabaki 34, ambayo kwa 30,000 ni 1,020,000. Deni ni 1,488,000. Halilipiki.

Wengi wakifika hapa hupunguza mkopo kidogo. Tujaribu ekari tatu: gharama 1,500,000, mkopo 700,000, deni la Julai 868,000. Mavuno ya mwaka mbaya ni magunia 36. Toa 14, yanabaki 22, sawa na 660,000. Bado halilipiki. Kwa ekari mbili gharama ni 1,000,000, mkopo 200,000, deni 248,000. Mavuno ni magunia 24. Toa 14, yanabaki 10, sawa na 300,000. Hapa deni linalipika, na inabaki 52,000.

Angalia kilichotokea, kwa sababu wengi huona ni kinyume cha akili: ekari zilipoongezeka, uwezo wa kulipa ulipungua. Ekari moja katika mwaka mbaya huleta magunia 12, yaani 360,000, lakini ikiwa imelimwa kwa mkopo mtupu inadai 620,000 pamoja na riba. Kila ekari inayoongezwa kwa fedha za kukopa huongeza pengo la 260,000, na hakuna wingi wa ekari utakaoliziba. Mkulima anayesema atafidia bei ndogo kwa kulima zaidi anaongeza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Ekari mbili zilizobaki si lazima zilale. Zinaweza kupandwa zao linalohitaji fedha kidogo, kama maharage yaliyotokana na mbegu ya nyumbani, zinaweza kukodishwa kwa fedha taslimu, au zinaweza kulimwa kwa jembe la mkono bila mbolea ya dukani. Mavuno yatakuwa machache, lakini hayatakuwa na anayekudai ndani yake.

Masharti ya kuuliza kabla ya kutia saini

Kiasi cha mkopo kikishajulikana, kinachobaki ni tarehe na namna riba inavyokokotolewa. Omba marejesho yagawanywe, nusu Agosti na nusu Januari, hata kama riba itaongezeka kidogo. Ofisa mikopo akikataa, mwulize kwa heshima ni bei gani ya Julai aliyoitumia kukupimia. Riba ya asilimia 3 inayokokotolewa juu ya mkopo wote ule wa mwanzo, huku ukirejesha kila mwezi kwa miezi minane, kwa kweli inakaribia asilimia 5 kwa mwezi, kwa sababu unaendelea kulipia riba fedha ambazo umekwisha kuzirudisha. Tangu mwaka 2021, Benki Kuu ya Tanzania ilipoweka utaratibu wa kuyapa mabenki fedha nafuu kwa ajili ya kilimo, baadhi ya mabenki makubwa yamekuwa yakitoa mikopo ya kilimo kwa asilimia 9 kwa mwaka. Tofauti ya hiyo na mikopo inayoitwa kausha damu, inayodai marejesho kila wiki, ni kubwa kiasi kwamba nauli ya kwenda wilayani mara tatu kufuatilia nyaraka hurudi haraka. Isitoshe, mahindi hayazai kila wiki, na mkopo wa kila wiki uliochukuliwa kwa ajili ya mahindi hulipwa kwa kuku, kwa mbuzi na kwa kibarua katika shamba la mtu mwingine, wakati palizi ya shamba lako inachelewa.

Kudhaminiana katika kikundi kuna wema wake, lakini hesabu yake ikamilishwe. Katika mwaka wa bei mbaya wanakikundi wote huanguka siku moja, kwa kuwa wote wamelima zao moja. Kama mna nia ya kudhaminiana, tafuteni wenzenu wenye mapato yasiyofuata bei ya mahindi: fundi cherehani, mwenye ng'ombe wa maziwa, mwalimu.

Kuna mkopo mwingine ambao hauitwi mkopo, nao ni kuuza mazao yakingali shambani. Kagera, kwa kahawa, huitwa butura. Mtwara na Lindi, kwenye korosho, kangomba ina sura inayofanana nao. Watu huona haya kuuzungumzia, na kwa hiyo hawaupigii hesabu. Tuseme Februari mtoto anatakiwa ada, na mfanyabiashara anakupa 20,000 kwa gunia utakalompa Juni. Hata bei ya Juni ikiwa ile mbaya ya 30,000, umelipa 10,000 juu ya 20,000 kwa miezi minne, yaani riba ya asilimia 50. Na bei ikiwa nzuri, 60,000, umelipa asilimia 200. Iandike hesabu hiyo kwenye daftari hata kama huna njia nyingine, ili mwaka unaofuata ada itengewe magunia yake mapema kama chakula kinavyotengewa.

Mizani, ghala na subira

Bei inaposhuka, mnunuzi hapunguzi shilingi tu, huongeza na gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, yenye kilo 130 iliyonunuliwa kwa 30,000 maana yake kilo imeuzwa kwa shilingi 230 na si 300. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na Kenya, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia la viazi. Lakini kanuni haina mikono, kwa hiyo mizani inunuliwe na kikundi, na bei ya kilo itajwe kabla gunia halijafungwa.

Kuhifadhi hadi bei ipande ni ushauri unaotolewa kwa wepesi mno. Gunia la 30,000 linalowekwa miezi sita na mtu anayedaiwa kwa asilimia 3 linazaa riba ya 5,400. Ongeza mfuko wa tabaka tatu unaozuia hewa, tuseme 5,000, na nafasi ya ghala 1,000. Gunia hilo lisipouzwa kwa zaidi ya 41,400, subira imekula hasara. Asiyedaiwa anahitaji 36,000 tu, na mwaka wa pili mfuko ule ule ukitunzwa anahitaji pungufu ya hapo. Ndiyo maana ghala humfaa zaidi aliyekopa kidogo. Na si kila mwaka bei hupanda: mwaka wa ziada kubwa hubeba mabaki yake hadi mavuno yanayofuata, na waliohifadhi mahindi ya 2017 wanalijua hilo. Salama zaidi ni kuuza kwa mafungu, theluthi moja wakati wa mavuno, theluthi ya pili kati ya Oktoba na Novemba, na ya mwisho Januari au Februari, bila kujaribu kubashiri ni fungu lipi litakalokuwa bora.

Kabla ya kufunga mfuko hakikisha mahindi yamekauka, maana mfuko usiopitisha hewa huwaua dumuzi, wale ambao wakulima wengi huwaita skania, lakini haukaushi punje. Kipimo cha nyumbani ni chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, ongeza vijiko vitatu vidogo vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za kioo, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Chumvi ikiteremka yote chini na kioo kikabaki safi, funga mfuko. Usiruke hatua hii kwa sababu unakimbilia bei. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka mbichi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani, hupewa hati na kuuza baadaye, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 nchini Tanzania na kwa sheria ya mwaka 2019 nchini Kenya, unasaidia pale ambapo minada inafanyika kwa wakati na makato yanajulikana. Uliza mapema mambo mawili: malipo huchukua siku ngapi baada ya mnada, na kila kilo hukatwa shilingi ngapi na kwa ajili ya nani. Siku za kusubiri malipo nazo zina riba kama unadaiwa.

Kwa nyanya, vitunguu na mboga, sehemu hii yote ya ghala haihusiki, na mkopo uwe mdogo zaidi ya hesabu iliyotangulia. Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anaweza kufika asubuhi ambayo bei ya tenga haifikii gharama ya kuchuma, ya tenga lenyewe na ya usafiri hadi sokoni. Siku hiyo asiangalie alichotumia kwenye mbolea na dawa, kwa sababu fedha hizo hazirudi achume asichume. Aangalie gharama zilizobaki peke yake, na zikizidi bei, nyanya ziliwe, zigawiwe, zilishwe mifugo, na nguvu zake zilizobaki ziende kwenye bustani inayofuata.

Kama bei imekwisha kuanguka na deni lipo

Nenda kwa aliyekukopesha kabla ya tarehe, si baada yake, ukiwa na daftari lenye magunia uliyovuna, bei ya soko na kiasi unachoweza kulipa sasa. Kutokana na miaka yangu ya kamati naweza kusema kwamba aliyekuja wiki tatu mapema na theluthi ya deni alipangiwa marejesho mapya karibu kila mara, wakati aliyezima simu alipelekewa barua. Ombi liwe la kusogeza tarehe na kusimamisha adhabu, na likikubaliwa, dai maandishi.

Usikope kausha damu ili ulipe benki. Ukilazimika kuuza kitu, anza na kisichozalisha, kama pikipiki inayotumika kwa matembezi au mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya chumba kipya. Kisha mifugo iliyokomaa. Ng'ombe wa kulimia, plau na shamba viwe vya mwisho kabisa, na shamba likiwa limewekwa dhamana, familia nzima ijue. Nimeona ndugu wakipata habari za mkopo kutoka kwa dalali wa mnada aliyesimama uani na kipaza sauti.

Baada ya kuuza, rudi kwenye daftari jioni ile ile. Andika tarehe, bei ya kilo, uzito ulioonekana kwenye mizani na si ule uliotajwa, makato, na idadi ya magunia yaliyokwenda kwenye deni. Mstari huo uuandike chini ya orodha ya bei za miaka iliyopita. Ikiwa bei ni ya chini kuliko ile yenye duara, futa duara la zamani na uzungushie hii.